Likizo Ndefu ya Marehemu Thabit bin Thani

Wasifu uliotungwa na dada yake, Mahbuba, ukasomwa na bintiye, Hind, katika khitma ya siku ya tatu, Matrah, Ijumaa tarehe 18 Septemba 1970

Bismillahi. Huyu tuliyemkusanyikia leo ni Thabit bin Thani. Kwetu sisi maiti husomewa khitma akaombewa dua, mambo ya kumtungia maneno hatuna. Lakini huyu alitungiwa maneno mengi akiwa hai, na wengi wenu mliomo humu ndani mlikuwemo katika watungaji. Basi kama yale mlikuwa na masikio ya kuyasikia, na haya mtayasikia. Wanamme walioko kibarazani nao wasogee dirishani, hasa mmoja wao, anajijua.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, Jumanne tarehe 3 Mei 1927, mvua za masika zikimwagika. Baba yake alikuwa Mzee Thani, mwenye shamba la mikarafuu, na mama yake Bi Zayana bint Salim. Alikawia kuzaliwa. Mkunga alikuja na ukili wake, akakaa akasuka, akasuka, mpaka ukili ukamtosha mkeka wa kusalia, ndo Thabit akatoka. Wala hakulia. Alifumbua macho akawatizama watu, mmoja mmoja, kama mgeni aliyefika nyumba ya watu akangojea kuonyeshwa pa kukaa. Dada yake, Mahbuba, ndiye aliyepewa kumpakata, na hajamwacha tangu siku hiyo mpaka Jumatano iliyopita.

Alipofika umri wa chuo alitiwa chuoni, akakhitimu Kurani, kisha akaingia skuli ya serikali hapo hapo Wete, akamaliza mwaka 1943. Hakuwa wa mwanzo wala hakuwa wa mwisho. Siku moja mwalimu alimkuta anacheka, akamwambia, "Kasimame pembeni mpaka nikwite." Mwalimu akasahau. Skuli ikafungwa, watoto wakenda zao, mwalimu akenda kwake kula. Magharibi Mzee Thani akatoka na taa kumtafuta mwanawe, akamkuta yu peke yake darasani, kasimama pembeni, mikono nyuma.

"We mtoto, unafanya nini hapa?"

"Mwalimu hajaniita, baba."

Watu waliicheka hadithi hiyo Wete nzima. Iwekeni akilini, maana maisha yake yote yamo humo.

Januari mwaka 1946 aliandikwa kazi serikalini, kukagua karafuu. Mwaka 1951 akahamishiwa Unguja, bandarini. Karafuu zikiletwa na magunia yake, yeye huchota gao la mkono, akanusa, akatia moja mdomoni akaiuma, akasema hii kavu, hii imelowa, hii imechanganywa na makonyo, vile vijiti vyake. Wenye mashamba walimchukia wakamheshimu. Karafuu ikawa haimtoki mdomoni. Hata kanzu zake zilinukia, na mpaka amekufa mfuko wake ulikuwa na karafuu mbili tatu. Akikasirika hakusema kitu, akaiuma moja.

Alioa Unguja, mtaa wa Mkunazini, Ijumaa tarehe 16 Oktoba 1953. Mke ni Bakhita bint Amur, ambaye yumo chumba cha ndani na eda yake, anasikia. Posa ilipokwenda, kaka yake Bakhita, yaani Marhoon bin Amur, aliuliza swali moja tu: "Kazi yake nini?" Akaambiwa karani wa serikali, akaridhika. Hakuuliza ana roho gani. Mwaka 1955, mwezi wa Agosti, akazaliwa Hind, huyu anayewasomea. Marhoon mwenyewe baadaye alikuja huku Matrah akapata kazi ya kushika bohari la tajiri mmoja, na funguo zake akazifunga kiunoni, zikawa zinalia kila anapopita. Mtu ukizisikia unajua Marhoon huyo, na ana haraka.

Sasa ndo tunafika kwenye likizo.

Mwaka 1963 Mahbuba alifiliwa na mumewe. Eda ilipokwisha akataka kuja kumwona ami yao hapa Matrah, mzee, mgonjwa, kabla hajafa. Mwanamke hasafiri peke yake. Thabit akaomba likizo ya miezi miwili, akapewa, na mkubwa wake akamkumbusha sharti: mtu aliye likizoni haruhusiwi kushika kazi pengine. Wakapanda meli, Thabit, Bakhita, Hind na Mahbuba, wakateremka Matrah mwisho wa Disemba. Walifungasha nguo za miezi miwili. Mbuzi ya kukunia nazi Mahbuba aliiacha nyuma ya mlango, akijua atarudi kuikalia.

Januari kule mambo yakapinduka. Yaliyotokea mnayajua, na si pahala pake hapa. Dada yake marehemu hajayasamehe na asiambiwe ayasamehe leo. Ami akafa mwezi wa Machi, akawaachia nyumba ya kukaa, na Thabit bin Thani, umri wake miaka thelathini na sita, mzima, ana nguvu, anajua Kiarabu na Kiingereza na hesabu, akakaa kibarazani.

Marhoon alimletea kazi. Akaikataa. Akamletea nyengine. Akaikataa. Mahbuba akamkabili.

"We Thabit, kazi unazikataliani?"

"Mie niko likizoni, dada. Mtu aliye likizoni haajiriwi pengine. Ndivo ilivo sheria ya serikali."

"Serikali ipi? Ile si imepinduliwa!"

"Hajaniita mtu, wala hajaniachisha mtu."

Mahbuba alitaka kumzaba kibao, akamwona yule mtoto wa Wete pembeni mwa darasa, mkono ukashuka wenyewe. Bakhita ndiye aliyemvuta wifi yake jikoni akamwambia pole pole: "Mwache, wifi. Siku atakayoshika kazi hapa, ndo siku kule kutakuwa kumekwisha. Hebu apate kukubali kidogo kidogo." Na sanduku la safari lilikaa chini ya kitanda, nguo nusu zimo ndani, hazikutolewa.

Wakaishi vipi? Bakhita alishika sindano. Kofia za kushona kwa mkono watu wa Matrah walizitaka sana, na mkono kama wa Bakhita haupatikani. Mahbuba akashona naye. Thabit ndiye aliyechora maua, maana mkono wa karani hautetereki, na mchana akiwasomea Kurani wakati wao wakishona. Hind hakuwa na skuli ya kwenda, basi baba yake akamfundisha kila alichokuwa anakijua, asubuhi mpaka adhuhuri, miaka yote hiyo. Mnamsikia anavosoma. Haya, mtoto wa mwanamme gani mwenye kazi hapa mtaani anasoma hivi? Nyamazeni basi.

Lakini maneno yalisemwa. Bi Kheiria, jirani wa mlango wa pili, alikuwa hapiti bila ya kuchomekea neno.

"Sabalkheri, Bakhita. Mumeo kesharudi kazini?"

"Yupo likizoni, Bi Kheiria."

"Maskini! Likizo hiyo naona atazikwa nayo."

Kheiria, maneno yako hayo, na yametimia. Umeridhika?

Mungu naye ana mambo yake. Miaka ile wanamme wa mtaa waliondoka wote. Huyu Kuwait, huyu Bahrain, huyu kenda makambini kwenye mafuta. Mume wa Kheiria kaondoka, wanawe wawili wakamfuata. Mtaa ukabaki na wanawake, watoto, na wanamme watatu wasiofaa kusafiri: Mzee Aflah mwadhini, ambaye macho yamefifia, Majid mshona kanzu, ambaye ni mfupi na mguu wake mmoja mfupi zaidi, na mzee wa Kibulushi aliyekuwa akilinda soko, ambaye Kiswahili hajui na Kiarabu anakijua kwa kugombana tu. Hao, na Thabit.

Sasa mwanamke ana kuku. Dini haikumkataza kuchinja, lakini sisi wa Unguja na Pemba tumezoea mkono wa mwanamme. Kule ukisimama mlangoni na kuku wako, atapita Muislamu yeyote, atakuchinjia aende zake. Hapa Bi Kheiria alisimama mlangoni na kuku tangu asubuhi, hakupita mtu. Jua likamchoma, yeye na kuku. Mwisho akavuka njia.

"Hodi."

"Karibu, Bi Kheiria."

"Thabit mwanangu, umeshughulika?"

Yeye! Anamuuliza Thabit kama kashughulika! Mahbuba aliyekuwa ndani alicheka mpaka sindano ikamdunga.

Thabit alikuwa haipendi damu. Aliinuka, akatia karafuu mdomoni, akamshika kuku, akapiga bismillahi, akakata, akageuza uso ukutani. Na toka siku ile kila Alkhamisi kibaraza chake kikajaa wanawake na kuku wao miguu juu. Nao hawakuishia kwenye kuku. Mtoto ana homa apelekwe hospitali, Thabit. Harusi inataka shahidi, Thabit. Askari wa lango la mji kamzuia mtu na mzigo wake, Thabit kenda kusema naye kwa upole mpaka askari mwenyewe akaubeba ule mzigo. Mgeni kaja kutoka Bawshar kuuliza habari za jamaa, hakuna wa kumkaribisha kahawa, apelekwe kwa Thabit, yupo. Hilo neno, "yupo," mlilisema wote, hakuna asiyelisema. Na mkishapata haja zenu mkirudi nyumbani mnasema, "Mwanamme mzima kakaa tu."

Na maiti. Jeneza lina pembe nne. Aflah, Majid na Mbulushi ni watatu. Wa nne alikuwa Thabit. Majid alipenda kushika mbele kushoto, ndo alivozoea, na kwa ule ufupi wake jeneza likalala upande. Thabit alikuwa mrefu. Basi yeye alishika mbele kulia, akakunja magoti, akenda hivo hivo amejikunja toka mlangoni mpaka makaburini, ili maiti wa watu asende kombo. Jaribuni nyinyi kwenda na magoti yamekunjwa mpaka hapo mtaa wa pili, tena na jeneza begani. Jioni Bakhita humkanda kwa mafuta ya karafuu. Hakuna aliyemwambia afanye hivo, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Mwaka 1967 ndo Marhoon alipokuja na yake. Alikuja mwezi wa Juni, funguo zikilia toka mwisho wa njia, akakaa kibarazani, kahawa hata hakuionja.

"Shemegi, kazi imepatikana. Kampuni ya mafuta, karani wa stoo, kambini ndani huko bara. Lori litakuchukua mlangoni Jumamosi alfajiri."

"Mie niko likizoni, bwana Marhoon."

"Likizo gani isiyo mwisho? Hata Ramadhani huandama mwezi watu wakala!"

"Mwezi wangu haujaandama."

"Basi sikiliza. Dada yangu nilimwoza karani. Sikumwoza mtu wa kukaa kibarazani kuchinjia wanawake kuku. Lori likija usipande, jioni yake namchukua Bakhita na mtoto, waje kwangu. Talaka tutakuja kuizungumza baadaye."

Bakhita alikuwa nyuma ya pazia na Mahbuba. Kofia ikamwanguka mkononi. Thabit aliitia karafuu mdomoni, akaiuma. Kisha akasema, "Ntapanda."

Asubuhi alilitoa sanduku chini ya kitanda, akaongeza nguo juu ya zile zilizokaa humo toka Unguja.

Habari zikatembea. Alkhamisi ile walikuja wanawake na kuku wa mwezi mzima. Walikuja mpaka wasiokuwa na kuku, waliazima. Kheiria alikuwa na wanne.

"Thabit mwanangu, sasa ukenda nani atatuchinjia? Nani atasema na wale wa langoni? Na mama yangu mgonjwa, mwaka huu naona hauvuki."

"Mlipokuwa mkimcheka," Mahbuba akatoa kichwa dirishani, "hamkuyajua hayo? Mchinjieni ulimi wenu kwanza!"

"Dada," Thabit akasema, "nipe kisu chengine, hiki kimekwisha makali."

Mtaa mzima ulinuka supu siku tatu.

Jumamosi, tarehe 10 Juni, alfajiri, Mzee Aflah hajamaliza kuadhini, kilio kikatoka nyumba ya Kheiria. Mama yake, Bi Shaikha, amefariki. Nyinyi mnaijua Juni ya Matrah. Majabali yanapumua moto, ukuta haushikiki, na maiti hangojei. Wanawake wakamwosha, wakamvika sanda, na jua likawa limeshatoka. Aflah akaja, Majid akaja, Mbulushi akaja. Watatu.

Kheiria akampeleka mtu mbio kwa Marhoon bohari, maana yeye ndiye mwanamme wa karibu mwenye mabega. Jibu likarudi: meli imeingia, magunia yanateremshwa, hawezi kutoka, wamngojee baada ya alasiri. Baada ya alasiri! Mwezi wa Juni!

Wakati huo lori limesimama mlangoni kwa Thabit, dereva anapiga honi. Thabit katoka na kanzu safi, sanduku mkononi. Bakhita kasimama nyuma yake, kamshika Hind. Mtoto alisema baadaye kwamba mkono wa mama yake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Upande huu lori, upande wa pili wa njia jeneza liko chini, wazee watatu wamelizunguka, wanatizamana. Akipanda, maiti wa watu atakaa na joto lile. Asipopanda, jioni hana mke.

Mzee Aflah, Mungu amzidishie umri, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Usiivunje nyumba yako kwa ajili yetu. Mungu atatuletea mtu."

Thabit akatizama njia juu, akatizama chini. Hakuna mtu aliyekuwa akija. Akaliweka sanduku kizingitini.

"Ningojee kidogo," akamwambia dereva.

"Kampuni haingojei mtu, bwana."

"Basi nisalimie kampuni."

Akavuka njia, akakunja kanzu, akaingia mbele kulia, akakunja magoti. Lori likaondoka na vumbi lake. Bi Shaikha akenda makaburini sawa sawa, hakwenda kombo, na kabla ya adhuhuri alikuwa keshapumzika.

Jioni funguo zikalia. Marhoon hakupiga hodi.

"Bakhita, vaa buibui lako. Mchukue mtoto, twende."

Bakhita alikuwa anashona. Hakuinua kichwa. "Kwenda wapi, kaka?"

"Kwangu. Mumeo kachagua."

"Kachagua, nimemwona. Na weye umechagua. Mama wa watu kalala na Juni hii toka alfajiri, weye ukihisabu magunia. Umeitwa hukuja. Huyu hakuitwa, alikwenda. Sasa katika nyinyi wawili niambie, asiyekuwa na kazi nani?"

"Hiyo si kazi! Nani anamlipa?"

"Hukunioza kwa magunia, kaka. Mie sendi."

"Utakuja kunililia."

"Nikilia, nna mume wa kunifuta machozi, na yupo nyumbani."

Marhoon alisimama akashika funguo zake, pengine alitaka zimsaidie. Kisha akatoka. Kahawa aliyotiliwa Mahbuba aliimwaga njiani nyuma yake, na baada ya hapo miaka mitatu Marhoon hakukanyaga nyumba ile, wala hakukaribishwa. Wanaosema Mahbuba angepeleka mtu kusuluhisha hawamjui Mahbuba.

Thabit alikuwa ukumbini, kasikia yote. Alikwenda kulichukua sanduku pale kizingitini, lilikuwa limekaa kutwa, hakuna aliyeligusa. Akalifungua, akazitoa nguo zote, za juu na zile za chini, zile za Unguja, zilizokuwa zinanukia karafuu bado. Akazipanga kabatini. Kisha sanduku tupu akampelekea mkewe, akamwambia, "Tilia nyuzi zako." Lipo mpaka leo, na nyuzi zimo.

Akaendelea kusema yuko likizoni, ukimuuliza. Lakini alikuwa akilisema akicheka. Na mwezi wa Machi mwaka 1968 akazaliwa mwanawe wa kiume, Thani. Mwenye vidole ahisabu miezi.

Miaka hiyo ya mwisho ilikuwa ya raha. Alichora maua, alimfundisha Hind, alimbeba Thani begani kwenda sokoni akanusa bizari za watu, wenye maduka wakijificha. Mwaka huu, alipoingia sultani mpya na mambo yakafunguka, wanamme wakaanza kurudi. Mume wa Kheiria naye karudi. Lakini Alkhamisi Kheiria bado alivuka njia na kuku wake. Eti kisu cha mumewe hakikati. Mumewe yupo hapo nje, mwulizeni kama kisu chake hakikati. Na watu wakubwa walikuja kibarazani kumwambia Thabit kwamba sasa kila mtu anayejua kalamu anatakiwa, aje aandikwe kazi. Akawapa kahawa, akawaambia atafikiri.

Maradhi yalimwanza mwezi wa Julai, kifua na kuchoka. Bakhita na Mahbuba wakampeleka hospitali hapa Matrah. Dokta akamsikiliza moyo, akasema moyo umekuwa mkubwa. Akamwambia, "Upumzike kabisa. Usifanye kazi yoyote." Thabit alicheka mpaka akakohoa, na Bakhita akacheka, na Mahbuba akacheka, mpaka dokta akadhani wamefanya kosa la kumleta mmoja badala ya watatu.

Alifariki kwake, Jumatano tarehe 16 Septemba 1970, kabla ya adhuhuri, umri wake miaka arubaini na tatu. Alikuwa na akili zake. Asubuhi alimnywesha Thani uji kwa mkono wake. Kisha akamwambia Bakhita, "Atakayeshika upande wangu, mwambieni akunje magoti, Majid asije akachoka." Akatoa shahada. Karafuu ilikuwa shavuni.

Sasa sikilizeni. Wanamme wamerudi, mtaa umejaa wanamme. Na Jumatano ile hakuwepo hata mmoja. Huyu yuko bandarini, huyu kwenye barabara, huyu kaandikwa ofisini juzi hawezi kuomba ruhusa. Siku hizi kila mtu ana kazi, mashallah. Jeneza la Thabit liliwekwa njiani, na waliokuja ni Mzee Aflah, na Majid, na Mbulushi. Watatu. Wa nne ndiye aliyelala ndani.

Mahbuba alikataa kupeleka mtu popote. Alisema, kama ni kungojea, ndugu yangu anajua kungojea.

Basi akaja mtu mbio toka upande wa soko, kanzu imeloa jasho, na hakuna aliyemtambua mpaka alipofika, maana alikuja bila ya sauti. Kiunoni hamna kitu. Alisimama mbele ya mlango ambao hajauingia miaka mitatu, na Bakhita akamwambia toka ndani ya pazia:

"Kaka, funguo zako ziko wapi?"

"Nimeziacha."

"Na magunia?"

"Yamefungiwa ndani. Yataningoja."

Wanawake tukapanda kwenye sakafu ya paa la nyumba, pale tunapoanika nguo, kutizama. Marhoon alishika mbele kulia. Marhoon naye mrefu, na kwenda kwake ni kifua mbele. Wakanyanyua. Jeneza likalala upande wa Majid, likenda kombo. Wakapita mlango wa Kheiria kombo. Wakapita msikiti kombo. Mahbuba akauma meno, akasema, "Mtizameni, hata leo!" Tena hapo penye kona, kabla hawajapotea machoni, tukaona kanzu ya Marhoon inashuka. Inashuka kidogo, kisha tena, magoti yanakunjika, na lile jeneza likainuka upande mmoja pole pole mpaka likanyooka, limekaa kama maji katika sinia. Wakenda nalo hivo hivo, hata hawakupumzika njiani, mpaka makaburini.

Marehemu ameacha mke, Bakhita bint Amur; watoto wawili, Hind na Thani; dada yake, Mahbuba bint Thani; mtaa mzima wenye kuku; na shemegi yake, Marhoon bin Amur, ambaye yupo hapo dirishani, ameingia ndani juzi na ametiliwa kahawa akainywa. Tunasikia magoti bado yanamuuma. Bakhita amempelekea mafuta ya karafuu. Mahbuba anasema yazidi kumuuma kidogo, kisha basi.

Mwenyezi Mungu amtie Thabit pahala pa kivuli, ampumzishe pumziko lisilokuwa na wa kumuuliza kazi yake nini. Amin.